Mafuta Gani?

Pale Sake, barabara ya kutoka Goma inapogawanyika, moja ikifuata ziwa kuelekea Minova na nyingine ikipanda vilima vya Masisi, kuna namna ya kununua bido inayostahili kutazamwa kwa utulivu. Mwanamke haanzi na bei. Analipindua bido aone kama kitako kimepasuka. Analitikisa karibu na sikio. Anafungua kifuniko, au kama kifuniko kilishapotea anachomoa kigunzi cha hindi kilichozungushiwa kipande cha sashe ya plastiki, kisha anaziba mdomo wa bido kwa kiganja na kutulia kidogo. Ndipo anapoondoa kiganja na kuinamisha pua. Ananusa, anageuza uso apate hewa safi, ananusa tena. Baada ya hapo ndipo anauliza.

"Kijana, hii bido ilibebaka nini?"

"Mafuta, mama."

"Mafuta gani?"

Swali hilo la pili ndilo lililonifanya niandike sura hii. Bido ni neno la Kivu, kutoka Kifaransa. Msomaji wa Dar es Salaam ataliita dumu, wa Nairobi jerikani. Ni chombo kilekile: lita 20, mara nyingi la manjano, lenye mkono juu na mdomo mwembamba pembeni. Mengi yalianza maisha yakiwa na mafuta ya kupikia yaliyovuka bahari. Baada ya safari hiyo ya kwanza hayana tena mwenyewe mmoja wala kazi moja. Yatachota maji, yatabeba maziwa, yatachachusha pombe ya kasiksi, yatamfikia kadhafi anayeuza esanse kando ya barabara, halafu siku moja yatarudi sokoni yameoshwa, yamekaushwa, yanang'aa, na kijana atasema yalibeba mafuta. Huenda hata hadanganyi.

Lugha yetu imelipa neno moja mizigo mingi. Ya kukaangia ni mafuta. Ya kujipaka ni mafuta. Ya taa ni mafuta, ya pikipiki ni mafuta, ya lori ni mafuta. Ukifika Congo unakutana na kizingiti kingine, kwa sababu huku ukisema petroli watu wanaelewa mafuta ya taa, wakati Mombasa petroli inaingia kwenye gari. Ya gari huku ni esanse, na ya lori ni mazutu. Neno dawa nalo ni hivyohivyo. Anayokunywa mtoto mwenye malaria ni dawa, anayonyunyiziwa ng'ombe mwenye kupe ni dawa, na ile inayopigwa kwenye viazi mviringo majani yasioze ni dawa. Mtu akikwambia "kachupa haka kalikuwa na dawa", hujajua bado kama amekupa chombo au amekupa msiba.

Tarehe 16 Julai 2013, katika kijiji cha Gandaman, wilaya ya Saran, jimbo la Bihar nchini India, watoto wa shule ya msingi walipewa chakula cha mchana kama siku nyingine zote: wali na mchuzi wa soya na viazi. Mpishi alieleza baadaye kwamba mafuta ya kukaangia yalimtia shaka. Watoto nao walisema mchuzi una ladha mbaya. Wanafunzi 23 walikufa. Maabara ilipopima mafuta yale ilikuta monokrotofosi, dawa ya wadudu ya jamii inayokamata mishipa ya fahamu mpaka pumzi inakatika. Mafuta yalikuwa yamewekwa katika chombo kilichowahi kubeba dawa hiyo. Wiki mbili baadaye Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliyahimiza mataifa yanayoendelea yaharakishe kuziondoa sokoni dawa za hatari kubwa, likitaja vifo vile.

Nimeitanguliza Gandaman katika sura ya plastiki kwa makusudi. Maandishi mengi kuhusu kemikali za plastiki yanatoka katika nchi ambako chombo hununuliwa kipya, hutumika mara moja na kutupwa, kwa hiyo yanauliza swali moja tu: kiwanda kilitia nini ndani ya plastiki hii? Ni swali halali na nitalifikia. Lakini huku Kivu Kaskazini, Masisi na Walikale, chombo hakitupwi. Kina maisha marefu kuliko viatu vya mwenye nacho. Swali la kwanza kwetu ni kilibeba nini kabla ya kufika nyumbani kwako, na la pili ni unakitia kitu cha moto kiasi gani na chenye mafuta kiasi gani. Mtu akishika hayo mawili ameziba sehemu kubwa ya mlango, hata kama hajawahi kusikia jina la kemikali yoyote.

*

Kwa nini bido lioshwe mara kumi, kwa sabuni, kwa mchanga, kwa maji ya moto, na bado siku ya tatu maji yanuke mazutu? Watu husema bido "limeshika". Neno hilo linaeleza jambo lenyewe vizuri. Bido la kawaida limetengenezwa kwa polithilini nzito, ile yenye namba 2 ndani ya pembetatu ya mishale pale kitakoni. Polithilini hutoka katika mafuta ya ardhini na gesi. Plastiki na mazutu wamezaliwa tumbo moja, na ndugu wakikutana hawabaki mlangoni: esanse, mazutu, mafuta ya taa, na viyeyusho vinavyochanganywa katika dawa nyingi za wadudu, vyote huingia ndani ya ukuta wa bido na kukaa humo kama maji yanavyokaa katika tofali la udongo. Sabuni huosha uso. Haingii ukutani. Kisha unapoweka maji, maziwa au mawese, kile kilichojificha kinaanza kurudi kidogokidogo, na kikikuta mafuta kinarudi kwa kasi zaidi kuliko kikikuta maji.

Pua inasaidia kwa esanse na mazutu, kwa sababu hivyo vinanuka hata vikibaki kidogo sana. Yule mama wa Sake anajua anachofanya, na namna yake ya kuziba mdomo kwanza ili harufu ijikusanye ni bora kuliko kunusa harakaharaka. Kwa dawa za mashamba, pua si ya kutegemea. Zipo zinazonuka na zipo zisizonuka hata kidogo, na kiasi kinachoweza kumdhuru mtoto wa kilo 10 ni kidogo kuliko kiasi ambacho mtu mzima angeweza kukitambua.

Masisi ni nchi ya malisho na viazi. Vilima vinavyozunguka Mushaki, Kirolirwe na Ngungu vimevikwa nyasi hadi kileleni, ng'ombe wanasimama katika ukungu, na katikati ya malisho kuna mashamba ya viazi, maharage na mahindi. Ng'ombe wana kupe. Kupe wana dawa yao. Viazi vina ugonjwa wa majani unaoenda mbio wakati wa mvua, nao una dawa yake. Dawa hizi zinafika madukani Goma, na kutoka Goma zinapanda vilimani, nyingi zikiwa zimegawanywa njiani: mkulima mwenye shamba dogo hanunui lita nzima, anapimiwa kiasi cha fedha yake katika chupa ya maji ya kunywa iliyookotwa. Karatasi yenye maandishi na alama ya fuvu imebaki dukani. Kinachofika kijijini ni chupa angavu yenye maji meupe kama maziwa, au ya manjano kama juisi, ikiwekwa dirishani au chini ya kitanda.

Hapo kuna hatari mbili katika chombo kimoja: mtoto anaweza kuinywa leo, na mtu mwingine anaweza kuiokota kesho ikiwa tupu akaitia mafuta ya kupikia. FAO pamoja na Shirika la Afya Duniani wana mwongozo kuhusu vyombo vilivyoisha dawa, na kiini chake kinaeleweka bila shule: pale pale shambani, chombo kikiisha, kisuuze mara tatu, na maji ya kusuuzia yamwagwe ndani ya pampu ya kunyunyizia, si mtoni, kisha kitobolewe kwa msumari au panga ili kisiweze kushika kitu tena. Kusuuza mara tatu kunaondoa karibu dawa yote iliyobaki juu ya ukuta. Iliyoingia ndani ya ukuta haitoki, ndiyo maana kutoboa ni lazima. Najua inauma kutoboa chombo kizima. Najua kuna bibi angekipokea kwa mikono miwili na kukuombea baraka. Usimpe.

*

Sasa maziwa, kwa sababu Masisi bila maziwa si Masisi.

Asubuhi, motari anashuka kutoka malishoni akiwa amefunga mabido ya manjano ubavuni mwa pikipiki, matatu huku, matatu huku, mengine juu ya kiti nyuma yake, yamekazwa kwa kamba za mpira. Barabara ni mawe na matope. Maziwa yanapigwapigwa njia nzima, jua linapanda, na midomo imezibwa kwa jani la mgomba au sashe iliyosokotwa. Yakifika Sake au Goma yamekwisha kuwa na safari ya saa kadhaa. Sehemu ya maziwa ya vilima hivi inabaki nyuma na kuwa jibini la Masisi, zile duara za manjano ambazo watu wa Goma wanaziita fromaji, kazi waliyofundishwa wazee na mapadre wa Ulaya na ambayo imesalia hai katikati ya vita, ng'ombe wakiibwa na kuchinjwa, wafugaji wakikimbia na kurudi.

Chukua bido moja la maziwa ulishike mkononi. Mkono wake una uwazi ndani, na uwazi huo umeungana na tumbo la bido. Maziwa huingia humo kila yanapotikisika. Brashi haifiki. Kidole hakifiki. Wanawake wanaoosha mabido haya wanatia kokoto na mchanga, wanatia maji ya moto na kutikisa mpaka mabega yaume, na wanalitoa likiwa safi tumboni. Mkononi bado kuna utando wa maziwa ya jana yaliyoganda. Na ule mchanga uliosafisha tumbo umelichubua. Kila mchubuko ni nyumba ya vijidudu, na plastiki iliyochubuka na kuzeeka juani huachia vitu vyake kwa urahisi kuliko plastiki mpya. Maziwa yana mafuta, na maziwa yakichacha yanakuwa na asidi. Chombo chenye siri kikikutana na mafuta na asidi kwa saa kadhaa kwenye jua, siri inatoka.

Wachungaji wa vilima hivi walikuwa na vyombo vyao vya mti, icyansi, vilivyochongwa mdomo mpana mkono uweze kuingia na kusugua kila pembe. Sisemi turudi huko. Mti hauwezi kupanda pikipiki kwenda Goma, na maziwa ya biashara ni mengi kuliko icyansi zote. Lakini ule mdomo mpana ulikuwa na akili ambayo bido limeipoteza. Ng'ambo ya mpaka, kanuni za Rwanda za mwaka 2016 kuhusu ukusanyaji na uuzaji wa maziwa zinataka vyombo vya alumini au chuma kisichoshika kutu. Bodi ya Maziwa ya Kenya nayo imepambana na madumu ya plastiki kwa miaka. Chombo cha alumini ni ghali, na motari anayelipwa kwa lita hawezi kukinunua peke yake. Ushirika wa wafugaji unaweza. Mwenye kiwanda cha jibini anaweza, na ana sababu, kwa kuwa maziwa yaliyoharibika njiani ni hasara yake kwanza. Mpaka siku hiyo ifike, bido la maziwa libaki la maziwa tu, lisiwahi kuonja kitu kingine, na likichubuka sana listaafu.

*

Ukivuka kwenda Walikale nchi inageuka. Masisi ni ndogo, haifiki kilomita za mraba 5,000, na macho yanaona mbali. Walikale ina zaidi ya 23,000, na sehemu kubwa ni msitu unaokula barabara. Miaka ambayo watu walichimba kasiteriti, madini ya bati, kwa mikono pale Bisie, kabla ya mgodi wa kampuni, kila kitu kilichohitajika mlimani kilibebwa mgongoni kwa mguu kupitia msituni kutoka upande wa Ndjingala: unga, bia, nguo, sufuria, na bido. Mahali kama hapo hakuna mtu anayemwambia mwenziwe "tupa hicho, nunua kipya" na kueleweka.

Huku kitu cha kutazama ni joto. Walikale inatoa mawese. Matunda ya mchikichi yanachemshwa, yanatwangwa, yanakamuliwa, na mafuta yanarudishwa motoni kukaushwa maji. Mafuta yaliyokauka maji yana joto kupita maji yanayochemka. Mnunuzi anasubiri, pikipiki inanguruma, mvua inakuja, basi mawese yanamiminwa ndani ya bido yakiwa bado yanafuka. Utaona kitako cha bido kikilegea na kutokeza nje kama tumbo. Wakati huo plastiki iko karibu na kuyeyuka, na ndani yake kuna mafuta, ambayo ndiyo yanayovuta zaidi chochote kilichomo ukutani. Ukitaka kutengeneza njia ya haraka ya kutoa kemikali katika plastiki na kuziingiza katika chakula, hungepata njia bora kuliko hiyo. Wapikaji wa kanyanga nao hufanya vivyo hivyo: pombe inatoka kwenye bomba ikiwa na joto na kuangukia ndani ya plastiki, na pombe kali ni kiyeyusho hata ikiwa baridi.

Dawa ya hili ni subira, na subira ina kipimo. Acha mawese ndani ya sufuria mpaka uweze kuweka kiganja ubavuni mwa sufuria na kukiacha hapo bila kukitoa. Hapo yanaweza kuingia kwenye bido lililobeba mawese siku zote. Nimeona mama mmoja wa Walikale akimzuia mnunuzi wake namna hiyo, kiganja kikiwa kwenye sufuria na uso ukiwa kwenye mawingu, akisema tu, "Ngoja, baba. Bado inakataa mkono."

Joto linaingia jikoni pia kwa mlango mdogo zaidi. Maharage ya vilimani yanachukua muda na makala, yaani makaa, ni ghali, kwa hiyo wapishi wengi hufunika chungu kwa sashe, wakaifunga kwa kifuniko juu, mvuke usitoke. Sashe inakaa juu ya mvuke saa mbili, inanyauka, inanata ukingoni, na matone yanayoning'inia chini yake yanarudi chunguni. Hakuna anayejua sashe ile imetengenezwa kwa taka gani zilizoyeyushwa, na rangi nyeusi inaficha yote. Sheria ya Congo, kwa dekrii iliyotiwa saini tarehe 30 Desemba 2017, ilipiga marufuku kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na sashe za plastiki, na pale mpakani Gisenyi watu huachishwa sashe zao kabla ya kuingia Rwanda. Upande wetu bado zinauzwa kila meza. Basi jikoni tuwe na sheria yetu wenyewe. Jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto likalainika linafunika chungu barabara kuliko sashe, linashika mvuke, na Masisi halinunuliwi. Walikale yapo majani mapana ya msituni ambayo watu wamefungia chakula tangu zamani.

Na usiwashie makala kwa sashe wala kwa kipande cha bido. Inashika haraka, najua, hasa asubuhi ya baridi ya Masisi makala yakiwa na unyevu. Moshi wake si moshi wa kuni. Plastiki ikiungua kwa moto mdogo, hasa ikiwa imo ile ya namba 3 yenye klorini, hutoa dioksini, sumu ambazo mwili hauzitoi kwa miaka. Katika jalala la Agbogbloshie, Ghana, ambako plastiki za vifaa vya umeme na nyaya zilikuwa zikichomwa, utafiti wa 2019 ulikuta yai moja la kuku wa pale lina dioksini za kumpitisha mtu mzima kipimo cha siku cha Ulaya mara 220. Mama anayepuliza jiko asubuhi ameinama juu ya moshi huo, na mgongoni ana mtoto.

*

Nimeahidi kufika kiwandani. Kemikali iliyozungumzwa kuliko zote ni bisfenoli A, inayotengeneza plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, polikaboneti: yale matangi makubwa ya maji ya ofisini, na zamani chupa za kunyonyeshea, bibero. Tangu 1936 mkemia Mwingereza Charles Dodds alikuwa ameonyesha kwamba dutu hii huigiza homoni ya kike mwilini. Haikuzuia viwanda. Mwaka 1998, huko Cleveland, Marekani, mtafiti Patricia Hunt aliona mayai ya panya wake wa maabara yameharibika ghafla, kutoka asilimia 1 au 2 hadi karibu 40, bila sababu aliyoijua. Sababu ilikuwa sabuni. Mfanyakazi alikuwa ameosha vizimba na chupa za polikaboneti kwa sabuni kali isiyo yake, plastiki ikaanza kumomonyoka, na bisfenoli A ikaingia kwa panya. Nikiwaza mabido yetu yanayosuguliwa kwa mchanga na maji ya moto, hadithi hiyo hainipi usingizi mzuri, ingawa bido la polithilini halina bisfenoli hiyo kwa asili yake.

Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika bibero mwaka 2011, Ufaransa katika vifungashio vyote vya chakula kuanzia 2015. Aprili 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha kipimo cha kila siku mara 20,000. Taasisi ya Ujerumani inayopima hatari za vyakula ilikataa hesabu hiyo, na mabishano yao ni ya kisayansi kweli. Lakini Desemba 2024 Tume ya Ulaya ilipitisha marufuku kwa karibu vyombo vyote vya chakula. Bibero zilizokataliwa mahali fulani haziyeyuki hewani. Zinaweza kuishia kwenye meza ya sokoni bila jina la kiwanda wala namba kitakoni, na mzazi hana pa kuuliza. Kwa mtoto mchanga jibu liko karibu: ziwa la mama peke yake miezi sita, na baadaye kikombe na kijiko. Kikombe huoshwa kwa vidole viwili; bibero haioshwi hivyo.

Kuhusu zile namba za kitakoni, zilizoanzishwa na viwanda vya plastiki vya Marekani mwaka 1988, watu wanazipa heshima kuliko zinavyostahili. Namba inakwambia aina ya plastiki tu. Namba 2 na 5 ndizo tulivu zaidi kwa chakula. 3, 6 na 7 usizitie kitu cha moto. Alama ya bilauri na uma ndiyo inayosema chombo kilikusudiwa chakula. Wala namba wala bilauri haijui bido lilikuwa wapi mwezi uliopita.

*

Ninaogopa jambo moja kuhusu sura hii: kwamba mtu aisome, aogope plastiki, amwage maji salama na kurudi kuchota mtoni kwa sufuria isiyofunikwa. Kipindupindu kiliposhamiri Kivu Kaskazini mwaka 2023, katika kambi za waliokimbia vita vya Masisi na Rutshuru, bido lenye kifuniko lilikuwa kinga. Viwango vya kibinadamu vya Sphere vinataka kila familia ipate angalau vyombo viwili vya maji, kimoja cha kuchotea na kimoja cha kuhifadhia, na kwenye vituo vya kuchotea wahudumu hutia klorini moja kwa moja ndani ya bido kwa bomba la sindano. Kuhara huua mtoto kwa saa chache. Kemikali za plastiki, tukiacha sumu za mashambani, huhesabu kwa miaka.

Hata chupa angavu za maji, zile za namba 1, zina kazi njema. Njia ya kuua vijidudu kwa jua, inayokubaliwa na Shirika la Afya Duniani, hutumia chupa hizo hasa: isiyozidi lita mbili, maji yasiyo na tope, juani saa sita, au siku mbili mfululizo anga ikiwa na mawingu, na Masisi hesabu siku mbili. Watu huuliza kama jua halitoi sumu katika chupa. Watafiti wa Arizona walipima mwaka 2008 antimoni inayotoka katika chupa za aina hiyo: kwenye joto la nyuzi 60 ilihitaji siku 176 kufika kikomo cha maji ya kunywa cha Marekani, lakini kwenye nyuzi 85 ilihitaji siku moja na kidogo. Jua la vilimani halifikishi maji huko. Chai inayochemka inapita hapo. Kwa hiyo chupa hiyo iweke juani bila hofu, na uji wa moto au chai usiitie kamwe. Tafuta kikombe cha bati au thermosi.

Baadhi ya nyumba vilimani zimeanza kutia alama. Alama si rangi, kwa sababu rangi inabanduka, wala si kamba, kwa sababu kamba inaazimwa. Ni mkato wa kisu juu ya mkono wa bido: mkato mmoja maji, miwili maziwa, mitatu mawese. Usiku, umeme haupo, mtoto aliyetumwa anapapasa mkono wa bido na kujua. Bido la esanse halina mkato na halilali ndani ya nyumba. Na lile ambalo hakuna anayejua lilibeba nini, ambalo muuzaji akiulizwa "mafuta gani?" anatazama pembeni, linakatwa juu kwa panga na kutumika kubebea mchanga wa kujengea.